Zima Taa Tu, Fundi

Huku kwetu AC ya gari haina heshima. Nilipokuwa Dar es Salaam nikijifunza umeme wa magari pale Gerezani, mteja mwenye AC mbovu alifika kola imelowa, leso mkononi, hana hata subira ya salamu. Hapa Omurushaka mtu ataleta gari kwa sababu honi hailii au redio imegoma, na AC ataikumbuka wakati anaondoka, mguu mmoja uko ndani tayari. "Hiyo achana nayo, Fundi. Karagwe yenyewe si friji?"

Wana haki, kwa kiasi chao. Milima hii imepita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi ya mwezi wa nne pale Kayanga hata kuku huchelewa kutoka bandani. Ila AC haikuwekwa kwenye gari kwa ajili ya ubaridi peke yake. Hewa ikipita kwenye ile evapereta iliyofichwa nyuma ya dashibodi, unyevu wake hugeuka matone na kuchuruzika chini ya gari, na kinachowafikia abiria ni hewa kavu. Dereva anayeshuka mlima Rwabunuka kwenye ukungu wa masika, kapakia watu wanne wenye nguo mbichi, kioo cha mbele kimeziba hata kona haioni, dawa yake ni kuwasha AC huku hita nayo imefunguliwa. Vyote viwili kwa pamoja. Ukiwaambia madereva hivyo, wengi wanadhani unawatania. Wataendelea kufuta kioo kwa kiganja. Kiganja kina mafuta, na kesho yake kioo kinashika ukungu upesi zaidi.

Nimeanza na ya ufundi kwa sababu jambo ninalotaka kulijadili ni la dhamiri, na nimechoka na mahubiri ya dhamiri yasiyo na spana ndani yake. Nilisoma seminari ndogo miaka kadhaa kabla ya kuona kwamba mikono yangu inataka kazi nyingine. Kilatini kimenitoka karibu chote. Maswali hayakunitoka, na hili moja huja gereji mara kwa mara, kila mara limepanda gari jingine: mtu anapofanya kipande kidogo tu cha kazi, cha kifundi, safi kabisa, ndani ya udanganyifu ambao si wake, naye anahesabiwa nini?

Dalali mmoja, kijana ninayempenda kwa sababu hulipa siku hiyo hiyo, aliniletea RAV4, ile ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ambayo mitaani wanaiita Kilitaimu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Inaumwa nini?"

"Haiumwi. Ina taa inakonyeza tu hapo kwenye AC. Zima taa tu, Fundi. Jumamosi inakwenda kwa mwalimu mmoja wa Nkwenda."

Nilikaa kwenye usukani nikabonyeza kitufe. Taa ikawaka vizuri, ubaridi ukaanza kuja, halafu kabla sijamaliza kufunga mlango taa ikaanza kukonyeza na hewa ikarudi kuwa ya kawaida. Nilibonyeza tena, ikawa vile vile.

Sikukimbilia kuiamini. Gari la zamani linaweza kusingizia. Toyota nyingi zenye AC ya otomatiki zina namna ya kujikagua zenyewe: unabana kitufe cha AUTO pamoja na kile cha kuzungusha hewa ya ndani, huku unafungua swichi, taa za paneli zinapepesa, kisha namba zinaanza kutoka. Ikitoka 00, hakuna tatizo. 11 ni sensa ya joto la ndani, 12 ya joto la nje, 22 ni kompresa kutozunguka inavyotakiwa. Ziko nyingine. Iliyonifundisha zaidi ni 21, sensa ya mwanga wa jua, kile kidude cheusi kinachokaa juu ya dashibodi karibu na kioo. Ukilikagua gari ndani ya banda, 21 itatokea hata kama sensa ni nzima kabisa. Mashine inatafuta jua, hailioni, inaandika kosa. Nimekuta vijana wameagiza sensa kutoka Dar, wamefunga, namba imeng'ang'ania palepale, kumbe dawa ilikuwa kulisukuma gari nje. Tangu hapo nikimsikia mtu anamhukumu mwenzake upesi upesi, hasa baada ya misa, huwa najiuliza amemkagulia wapi.

Basi RAV4 niliitoa juani kwanza. 22 ilibaki.

Kwenye Toyota za namna ile kompyuta ya AC hupokea habari mbili, kasi ya injini na kasi ya kompresa. Zikipishana kupita kiasi, inaelewa kwamba ama mkanda unateleza ama kompresa inakamata, nayo inakata umeme wa klachi ya kompresa na kuikonyezesha taa. Wajapani hawakuweka hivyo kwa kuihurumia kompresa. Injini ile ina mkanda mmoja, na mkanda huo huo ndio unaozungusha oltaneta, wota pampu na pawa steringi. Kompresa ikijifunga, mkanda unaungua. Mkanda ukikatika, usukani unakuwa mzito ghafla, chaji inakufa, maji hayazunguki, injini inachemka. Taa ndogo ya kitufe cha ubaridi, kumbe inazungumzia usukani wako kwenye kona.

Nilizima injini nikaizungusha klachi kwa mkono. Ilikwenda kama robo mzunguko, ikakwama, nikaisukuma ikaenda tena, na chini ya vidole nilisikia mkwaruzo. Kwenye maungio ya bomba kulikuwa na oili iliyovuja kidogo. Ilikuwa ya kijivu. Niliisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, ikametameta. Ule ni unga wa chuma. Kompresa ilikuwa inajitafuna yenyewe.

Njia zilikuwa tatu. Kununua kompresa ya mtumba, ambayo si bei ya kuchekea. Kuchomoa plagi ya klachi, puli izunguke bure kwenye bering yake, na mnunuzi aambiwe kwamba gari hili halina AC. Hiyo haigharimu hata senti, isipokuwa bei ya gari itashuka. Au kufanya alichokitaka dalali: kupeleka umeme moja kwa moja kwenye klachi bila kupitia kompyuta, na taa kuidanganya itulie, ili Jumamosi mwalimu abonyeze, asikie ubaridi, atoe pesa. Waya mmoja, relei moja. Hata chai haipoi.

Nilimweleza yote hayo. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akasema kitu ambacho bado nakitafuna. "Mzee wangu, kwani wewe ndiye unayeuza? Muuzaji ni mimi. Dhambi kama ipo, niachie mimi. Wewe ni fundi tu." Na alipoona nimenyamaza akaongeza kwamba pale stendi kuna kijana ataifanya kwa elfu kumi, kwa hiyo mimi nikikataa, mwalimu hatapona; nitakachokuwa nimeokoa ni mfuko mtupu.

Kuhusu muuzaji, dini na falsafa zimeshasema mengi, na kwa kweli zinakubaliana kuliko tunavyodhani. Cicero, mwaka 44 kabla ya Kristo, alijadili kisa cha mfanyabiashara aliyefikisha nafaka kwenye kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa huku akijua kwamba merikebu nyingine ziko njiani: je, awaambie watu, au auze kwanza kwa bei ya njaa? Akawashindanisha wanafalsafa wawili wa zamani, mmoja akidai yatosha kusema yale ambayo sheria inataka yasemwe, mwingine akidai mnunuzi ajue yote ajuayo muuzaji; Cicero mwenyewe akasimama na huyu wa pili. Tomaso wa Akwino, karne 13 baadaye, alikuwa na jicho la kibiashara kuliko watu wanavyomdhania mtakatifu. Alisema kasoro iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, si lazima uitangaze, ilimradi bei iwe ya haki. Iliyojificha na inayoweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, lazima useme. Kompresa inayokamata imejificha chini ya boneti, na hatari yake imejificha mbali zaidi. Sina shaka Tomaso angemwambia nini dalali wangu.

Waislamu nao wana kile kisa cha soko la Madina, Mtume alipoingiza mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikatoka na umaji, akamkemea mwenye rundo kwa kuificha iliyolowa chini. Nilikizungumza na jirani yangu muuza spea, mtu wa swala tano. Nilimuuliza: aliyelipanga lile rundo, kavu ikakaa juu, ni nani? Labda mwenye mali alikuwa na kibarua. Kibarua naye anaingia? Jirani hakuchukua muda. Alisema kwenye hadithi za riba laana haikuishia kwa anayekula riba. Ilimfikia anayeitoa, anayeiandika, na mashahidi wawili, na wote wakaambiwa ni sawa.

Anayeiandika! Nilirudi gereji kwangu, lakini mawazo yalikuwa kwa baba mdogo.

Msomaji wa mbali huenda hajui butura. Ni desturi mbaya ya kahawa huku Karagwe na Kyerwa: mkulima aliyebanwa na shida, ada ya shule, mgonjwa kalazwa Nyakahanga, anaiuza kahawa ingali ua mtini, kwa bei ya kutupa. Ikiiva, aliyenunua anakuja na magunia, anaondoka na kahawa yote, na mwenye shamba anabaki kuwa kibarua wa mibuni yake mwenyewe. Viongozi wameipiga marufuku tena na tena na haijafa, kwa kuwa shida nayo haijafa. Sasa, baba mdogo alikuwa na mwandiko mzuri. Mikataba mingi ya butura ya kijiji chetu iliandikwa na yeye, kwenye karatasi ya daftari la mistari, majina, idadi ya magunia, dole gumba la muuzaji pale chini. Malipo yake yalikuwa kibuyu cha rubisi na pengine shilingi kidogo. Alikuwa mtu mpole, mwimbaji wa kwaya. Akiulizwa alisema yeye hanunui wala hauzi. Yeye anaandika tu wanachokubaliana.

Nisimwonee, kwa sababu hapo ndipo jambo linapokuwa gumu. Waliobanwa walimtaka yeye hasa, kwani aliandika kile kile kilichosemwa. Wapo waandishi waliogeuza magunia matano kuwa manane, mkulima asiyejua kusoma akaweka dole. Baba mdogo hakuwahi. Kwa hiyo kalamu yake ilimlinda mnyonge kwa upande mmoja na kumfunga kwa upande mwingine. Angeweka kalamu chini, butura isingekoma. Ingeandikwa na mwongo. Nimemfikiria sana tangu siku ya ile RAV4, na sijafika mahali pa kumtia hatiani. Lakini pia siwezi kusema kwamba hakuwemo.

Kanisa langu lilikutana na swali hili kwa sura mbaya zaidi. Mwaka 1679 Papa Inosenti wa 11 alilaani hoja 65 za wanateolojia waliokuwa wakilegeza mambo mno, na ya 51 ilimhusu mtumishi. Bwana anataka kupanda dirishani kwenda kumharibu binti wa watu. Mtumishi, akijua kinachoendelea, anainamisha mabega bwana akanyage, au anamletea ngazi. Wale walegezaji walisema mtumishi akifanya hivyo kwa kuogopa madhara makubwa kutoka kwa bwana wake, hana dhambi ya mauti. Papa akakataa. Baadaye Alfonso wa Liguori, mwanasheria aliyegeuka padri, akaichambua kwa utulivu. Yuko anayeshiriki hata nia ya mkosaji, na huyo hana pa kujificha. Yuko anayetoa kitu tu, kama mabega au ngazi, na huyo atapimwa: kitendo chake chenyewe ni kibaya au ni cha kawaida, kiko karibu na uovu au mbali, na sababu iliyomsukuma ina uzito gani.

Wapo wanaoona uchambuzi wa namna hii kuwa ni ujanja wa mapadri. Mimi naona ni daftari zuri la fundi. Maana kazi ya gereji huwezi kuifanya ukitaka usafi wa malaika. Dalali akiniletea gari kubadili betri, nambadilishia, ingawa najua mdomo wake. Betri ya gari la mwongo ni betri. Italiwasha gari atakapokuwa anasema kweli na atakapokuwa anadanganya, na mwalimu ataihitaji vile vile. Ule waya ni habari nyingine. Nilijiuliza: tukimwondoa mwalimu kwenye hesabu, tuseme gari linabaki kwa dalali na haliuzwi kamwe, waya huu una kazi gani? Hauna. Dalali mwenyewe asingeuweka kwenye gari lake. Kazi yake yote ni kwamba mtu mmoja, Jumamosi, macho yake yaone taa imetulia. Hapo siwezi kudai kwamba uongo ni wa dalali na mimi nimeleta vifaa tu. Uongo wenyewe ndio niliotakiwa kuufunga kwa mikono yangu, na kuulehemu usilegee.

Kwa kipimo hicho kalamu ya baba mdogo iko katikati. Ule mkataba ulikuwa na kazi nyingine, kuzuia magunia matano yasiwe manane. Labda ndiyo sababu nashindwa kumhukumu.

Hiyo hoja ya kijana wa stendi ndiyo inayowashinda wengi, na huwa inasemwa kama vile imemaliza mazungumzo. Usipofanya wewe atafanya mwingine. Lakini kijana wa stendi akiulizwa atasema nini? Atasema mzee wa Omurushaka angefanya. Mimi namwegemea yeye, yeye ananiegemea mimi, na mwishoni gari limeshaungwa na hakuna aliyeliunga. Hoja hiyo inanichukulia kuwa spea: ikitoka hii, ingia ile, gari litembee. Spea haiulizwi kitu siku ya mwisho. Mimi, kwa mafundisho niliyolelewa nayo, nitaulizwa.

Na halafu kuna hili la kuwa "fundi tu", linaloniudhi kuliko yote, hasa likisemwa kwenye ardhi hii. Hapa palikuwa na ufalme. Kule Bweranyange ndiko alikokuwa Rumanyika, aliyewapokea Speke na Grant mwaka 1861, na miongoni mwa vyombo vya enzi vya nyumba ile vilikuwemo ng'ombe wadogo wa chuma na vifaa vyenye umbo la nyundo na fuawe, kazi ya wahunzi. Katika nchi hizi za maziwa makuu, nyundo ya mhunzi ilikuwa alama ya mfalme. Waliojua kuyeyusha mawe yakawa jembe na mkuki hawakuhesabiwa kuwa mikono isiyo na mwenyewe. Walikuwa na miiko yao ya kazi, na watu waliwaheshimu na kuwaogopa kidogo. Sijui ni lini hasa tulishuka tukawa "fundi tu", lakini naona kushuka huko kumetufaa: mtu akiwa "tu", haulizwi.

Basi nilikataa. Nilijitolea kuchomoa plagi bure na kumwandikia mwalimu karatasi. Dalali akacheka, akanishukuru kwa muda wangu, akaenda stendi.

Ningeandika hadithi ya kubuni, mwalimu angepata ajali Rwabunuka na wote tungejifunza. Haikuwa hivyo. Mwalimu alinunua gari, akafurahi, akaenda nalo Nkwenda, na hakuibonyeza AC tena, kwa sababu Nkwenda nako ni baridi na yeye ni mtu wa kushusha kioo. Waya ulikaa pale usiwe na kazi yoyote. Dalali alinipitia siku moja akaniambia, bila ubaya, "Unaona, mzee? Elfu kumi yako ilikwenda bure." Nami nilikosa jibu la haraka. Mwaka 1976 Mwingereza Bernard Williams na Mmarekani Thomas Nagel waliandika juu ya jambo hili hili, jinsi tunavyowahukumu watu kwa matokeo ambayo hayakuwa mikononi mwao: madereva wawili wamelewa sawasawa, mmoja kafika salama, mwingine kamgonga mtoto aliyevuka barabara, na ni huyu tunayemwita muuaji. Kijana wa stendi alibahatika. Waya ule ule ungekwenda kwa mtu anayehamia Mwanza, mwenye kuwasha AC kutoka asubuhi hadi jioni, tungekuwa tunazungumza mengine. Bahati ya mwalimu haikuubadilisha waya ukawa mwema. Ila nakiri kwamba hoja hii ni rahisi kuisema kuliko kuiuza sokoni, ambako watu hupima kwa kilichotokea.

Linalonisumbua zaidi ni jingine. Kukataa kwangu kulimsaidia nini mwalimu? Mikono yangu ilikuwa safi, naye alibaki hajui kitu. Pilato pia alinawa mikono. Hapo naona mafundisho yote ya kushiriki na kutoshiriki yanafika ukingoni, kwa sababu yanamtazama anayetenda na kumuuliza kama yuko salama, wakati aliye hatarini ni mtu wa tatu. Nikimfuata kila mnunuzi kumnong'oneza ubovu wa gari alilotazama, gereji itafungwa ndani ya mwezi, na haki yake. Mwenye gari amenifungulia boneti kwa kuniamini. Nilichochagua ni kidogo. Kila gari linalobadilishwa oili huning'inizwa kile kikadi cha kuonyesha kilomita za kubadili tena. Siku hizi kikadi changu kina mistari zaidi: nilichokagua, nilichokikuta, nilichokiacha. "Kompresa inakamata, usiunge moja kwa moja." Tarehe, saini. Kinaning'inia pale, anayetaka asome. Madalali huvikata kwa mkasi, najua. Wapo wanaosahau.

Kuna watu wa tatu walio mbali kuliko mwalimu. Gesi ya AC ya magari haya, R134a, ikimwagwa hewani, kila kilo yake huipasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kilo ya hewa ukaa. Nchi za dunia zilikubaliana Oktoba 2016 kuanza kuipunguza gesi ya aina hiyo, na zilikubaliana Kigali, ng'ambo tu ya mto Kagera. Fundi wa kawaida huku hana mashine ya kuinyonya; analegeza nati, inatoa mlio, imekwisha. Nani anaulizwa hapo, anayelegeza nati, au waliokubaliana Kigali wasimletee mashine? Sitaki kukimbia sehemu yangu, lakini nayo ya kwao waibebe.

Na juzi nimeletewa jingine, ambalo vitabu vya seminari havikunisaidia sana. Dereva wa mchomoko, Probox inayobeba abiria kati ya hapa na Isingiro. Taa ya oili inapepesa injini ikipata moto na kushuka sailensa, abiria wa mbele wameanza kuiona na kushuka. Anataka niikate. Huyu hamuuzii mtu gari. Gari si lake, hesabu ya tajiri inamngoja jioni, na watoto wanne. Nilimpa maneno yangu yote, waya na mwalimu na mtumishi mwenye ngazi, mpaka akanikatiza. "Fundi, nimekuelewa. Nisimdanganye abiria. Sasa niambie nile nini mpaka tajiri akubali kufungua injini."

Nilipima presha ya oili; haikuwa ya kuua injini leo, wala ya kujivunia. Oili ilikuwa nyeusi, nyepesi kama maji, haijabadilishwa tangu enzi. Nilimkopesha oili mpya na chujio, taa ikanyamaza, kwa haki, angalau kwa sasa, na kikadi nikakiandika hivyo. Alisema atalipa mwisho wa wiki. Wiki hiyo imepita, na nyingine. Akipita hapa na abiria wake anapiga honi, ananipungia mkono, na hasimami.